Nani Anaijua Hewa ya Jinja

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, karibu na pale Mto Nile unapoagana na Ziwa Viktoria. Umeme ulipopatikana, viwanda vilifuata. Nyanza Textile ikafuma pamba ya mashariki. Tanuri la shaba likapokea mzigo uliosafirishwa kwa reli kutoka migodi ya Kilembe, upande wa pili kabisa wa nchi. Wafanyakazi walikuja kutoka kila pembe, Wasoga, Wagisu, Wateso, Wajaluo, Walugbara, wakapangwa katika nyumba za Walukuba, na kwa kuwa hapakuwa na lugha moja ya nyumbani, Kiswahili kikafanya kazi yake kwenye zamu na mezani. Katika mji wa namna hiyo moshi ulikuwa na maana moja tu. Bomba la kiwanda likifuka, mshahara upo. Likinyamaza, watoto watarudishwa kutoka shule kwa kukosa karo.

Likanyamaza kweli. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na wenye viwanda, mafundi na wahasibu wakaenda zao. Mashine zikakosa vipuri, kisha zikakosa wa kuziwasha. Hewa ya Jinja ilisafika miaka ile, na ilikuwa hewa ya njaa. Viwanda vilipoanza kurejea, kuanzia miaka ya 1990, watu waliupokea moshi kama mgeni aliyesubiriwa kwa muda mrefu: vikaja vinu vya kuyeyusha chuma chakavu, vya mafuta ya kupikia, vya ngozi, vya nafaka. Ndiyo maana ukienda mtaa wa Masese leo ukauliza watu habari za moshi, swali lako hugusa tumbo kabla halijagusa mapafu. Mtafiti asiyelijua hilo atajibiwa kwa adabu na hataambiwa kitu.

Nalisema hili mapema kwa sababu sura hii inahusu vyombo vya kupimia, na vyombo vina tabia ya kutusahaulisha watu. Jinja na jirani yake Mbale, miji miwili iliyopandishwa hadhi kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, ni mahali pazuri pa kuuliza jambo ambalo miji yote ya Afrika Mashariki italazimika kulijibu: mwananchi wa kawaida, asiye na maabara wala cheo, ana nafasi gani katika kuijua hewa anayoivuta?

Kinachodhuru zaidi katika hewa hiyo hakionekani kwa macho. Wataalamu hukiita PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana. Chukua milimita moja uigawe vipande 400. Kipande kimoja ndicho ukubwa wenyewe. Chembe kubwa kuliko hizo hunaswa puani na kooni, tukazitoa kwa chafya au kikohozi. Hizi ndogo hupita. Hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi yake huvuka zikaingia kwenye damu, ndiyo sababu madaktari hawazihusishi na pumu na nimonia pekee bali pia na kiharusi na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulichangia vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati mwaka 2019. Ukiuunganisha na moshi wa jikoni, hesabu inafika milioni 6.7. Mwaka 2021 shirika hilo lilikaza viwango vyake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15.

Jinja ilipata namba zake za kwanza zilizojulikana sana mwaka 2015. Daktari wa mapafu Bruce Kirenga wa Makerere na wenzake walichapisha upimaji wa majaribio uliofanyika Kampala na Jinja. Wastani wa Kampala ulikuwa mikrogramu 138.6, wa Jinja, 99.3. Kiwango cha dunia cha saa 24 wakati huo kilikuwa 25. Mji ambao Waganda huusifu kwa utulivu, kwa barabara zake pana na miti yake ya kivuli, ulikuwa karibu mara nne ya kiwango hicho. Ndani ya matokeo hayo mlikuwa na jambo jingine lililopita bila kelele: maeneo ya viwanda yalikuwa na hewa mbaya zaidi kwa jumla, lakini mitaa ya makazi isiyo na lami nayo ilikuwa na viwango vya juu. Kwa maneno mengine, bomba la kiwanda halikuwa mshtakiwa pekee.

Lakini upimaji wa aina hiyo ni wa muda mfupi. Watafiti wanakuja na mashine, wanapima, wanaondoka. Hawawezi kukuambia Jumanne ilikuwaje tofauti na Jumapili, wala Januari na Aprili, wala saa mbili usiku na saa tisa alasiri. Kituo kamili cha kupima hewa mfululizo kinagharimu makumi ya maelfu ya dola na kinataka umeme usiokatika, kiyoyozi na fundi aliyesomea. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na hata kimoja.

Mwaka huohuo wa 2015, katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Makerere, Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo) na wenzake walianzisha mradi wa AirQo. Hawakungoja mashine kubwa. Walibuni kipima hewa kidogo cha bei ya chini, kinachostahimili vumbi, joto na umeme wetu unaokwenda na kurudi. Kinaweza kutumia nishati ya jua, na kinatuma vipimo kwa mtandao wa simu za mkononi. Vingine walivifunga kwenye boda boda. Wazo hilo la boda boda nalipenda hasa, kwa kuwa dereva wa boda ndiye mtu anayeivuta hewa ya mji kuliko mwingine yeyote: kutwa nzima yuko nyuma ya mabomba ya malori, kifua wazi, na hupita vichochoro ambavyo gari la serikali haliingii. Mwaka 2019 mfuko wa Google.org uliwapa dola milioni 1.3, na mwaka 2022 ukaongeza milioni 3 ili kazi ivuke mipaka ya Uganda. Vipima vyao vimefika Jinja na miji mingine ya nchi, na namba zake zinaonekana kwenye simu ya yeyote mwenye bando.

Inafaa tuelewe kifaa hiki kinafanyaje kazi, maana uaminifu wake na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja. Ndani ya kisanduku mna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza, na kitambuzi cha mwanga. Chembe ikipita mbele ya mwale, inatawanya mwanga kidogo. Kitambuzi kinauona, na programu inakadiria uzito wa chembe zote kutokana na mwanga huo. Kwa hiyo kifaa hakipimi uzito. Kinaukisia kwa kuangalia. Sasa fikiria asubuhi ya Jinja, ukungu umelala juu ya ziwa na unyevu umejaa hewani. Chembe za moshi zinafyonza maji, zinavimba, zinatawanya mwanga mwingi kuliko stahili yake, na kifaa kinasoma namba kubwa kupita kiasi. Dawa ya tatizo hilo ni kukiweka kipima cha bei ndogo kando ya mashine kubwa ya rejea kwa wiki kadhaa, kulinganisha usomaji wao pamoja na joto na unyevu wa kila saa, kisha kuifundisha kompyuta kusahihisha. Ni kama mizani ya sokoni: muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini lazima mizani yake ipelekwe siku moja ikapimwe kwa jiwe linalojulikana. AirQo wamefanya hivyo kwa mashine za rejea zilizoko Kampala.

Udhaifu wa pili haurekebishwi kirahisi hivyo. Leza ndogo ya aina hii ni hodari kwa chembe laini, zile za moshi na za injini, lakini ni dhaifu kwa chembe nene za vumbi. Lori likipita kwenye barabara ya murram kule Mafubira na kuinua wingu jekundu linalofunika maduka, nguo zilizoanikwa na chapati za muuza rolex, kipima kilichoko jirani kinaweza kupanda kidogo tu. Baadaye usiku, hewa ikionekana safi na watu wamekaa barazani, kinaweza kupanda sana kwa sababu kila nyumba imewasha sigiri. Mkazi akiziangalia namba hizo atasema kifaa ni kibovu, kwa kuwa kinapingana na macho yake. Hapo ndipo mambo mengi huharibika. Mtaalamu asipokuwepo kueleza kwamba macho yanaona vumbi nene na leza inaona moshi laini, na kwamba vyote viwili ni vya kweli, mkazi ataacha kuiamini namba, na namba isiyoaminiwa na watu wa mtaani haina kazi.

Hivyo basi, nani afanye kazi hiyo ya kueleza, na nani afanye ile kubwa zaidi, ya kuuliza?

Kila kipima kinahitaji mwenyeji. Kinafungwa kwenye ukuta wa shule, kanisa, msikiti, duka, zahanati au nyumba ya mtu. Mwenyeji hutoa umeme kidogo, hukilinda kisiibwe, na hupiga simu kikizimika. Wengi huhesabu ukarimu huo kuwa ndiyo sayansi ya wananchi. Kwa maoni yangu ni mlango tu wa kuingilia. Mtu anayekiwekea kisanduku ukuta wake amejitolea, na tumshukuru, lakini kama swali limetungwa Kampala, namba zinakwenda Kampala, na majibu yanachapishwa kwa Kiingereza ambacho yeye hakisomi, basi amekuwa mwenye ukuta tu.

Mfano ninaouheshimu zaidi uko Nairobi, katika Mukuru, makazi ya mabanda yaliyobanwa katikati ya eneo la viwanda. Wakazi wachache walifundishwa kutumia vipima vya mkononi, wakavibeba huku wakiendelea na shughuli zao za kila siku, wakitembea mitaa wanayoijua. Sarah West wa Taasisi ya Mazingira ya Stockholm na wenzake, pamoja na wakazi hao, walichapisha matokeo mwaka 2020. Viwango vilikuwa juu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Muhimu zaidi ni kwamba waliobeba vipima walijua walikuwa wapi kila namba ilipopanda. Mashine iliyofungwa mlingotini inasema saa kumi na mbili jioni hewa ilichafuka. Mama aliyebeba kipima anasema: hapo nilikuwa kwenye kona ya wachoma taka, upepo ukitokea upande wa kiwanda. Mukuru ilikuwa imetangazwa na serikali ya kaunti ya Nairobi mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango miji, kwa hiyo ushahidi huo ulikuwa na meza ya kuufikia. Baadaye watafiti na wasanii wa pale walitumia nyimbo, maigizo na ramani kuzungumzia hewa na majirani zao, na naona walifanya sawa. Jedwali la namba halipandi jukwaani.

Turudi Jinja tuone wakazi wanajua nini ambacho kipima hakijui.

Katika miji yetu uchafuzi una saa zake. Hewa huwa mbaya asubuhi, watu wanapochemsha chai kwa mkaa na magari yanapojaa barabarani. Hupoa mchana, jua linapoipasha ardhi na hewa inapopanda na kuchanganyika. Kisha huwa mbaya tena baada ya jua kuzama, pengine kuliko asubuhi, kwa sababu ardhi imepoa, hewa imetulia, na moshi hauna pa kwenda. Msimu nao una sauti: miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Agosti, ni mibaya, mvua zikinyesha chembe zinaoshwa. Kando ya ziwa kuna jambo la ziada. Mchana upepo hutoka majini kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Moshi uleule, wa chanzo kilekile, unaweza kuwa wa mtaa mmoja adhuhuri na wa mtaa mwingine usiku wa manane.

Kipima kinaona kupanda na kushuka kwa namba. Mkazi anajua sababu. Anajua siku ambazo samaki hukaushwa kwa moshi Masese, na nyumba ambazo pombe hupikwa kwa kuni tangu alfajiri. Anajua kwamba gari la taka halijapita, kwa hiyo Jumamosi watu watachoma. Anajua shamba la miwa likiungua upande wa Kakira, majivu meusi huanguka uani. Anajua malori ya kutoka Malaba na Busia kwenda Kampala husongamana wapi, na injini huachwa zikinguruma kwa muda gani. Na anajua, kwa sababu halali vizuri, ni saa ngapi za usiku harufu ya bomba fulani huwa kali kuliko mchana. Hayo yote hayamo katika hifadhidata yoyote. Yamo vichwani mwa watu, nayo yanapotea kila siku kwa kukosa wa kuyaandika.

Ningependa kuona daftari. Sizungumzii programu mpya ya simu, nazungumzia daftari la kawaida la kurasa 96, moja kwa kila mwenyeji wa kipima, na mengine kwa wauza mkaa, walimu, madereva wa boda na wahudumu wa afya wa kijiji. Kila siku mistari miwili: saa ngapi, moshi au vumbi, unatoka upande gani, upepo ulikuwaje. Baada ya miezi mitatu madaftari hayo yakiwekwa kando ya mchoro wa namba, vilele vilivyokuwa bila jina vitaanza kupata majina. Hiki ndicho kitu ambacho kompyuta ya Makerere, kwa ubora wake wote, haiwezi kukifanya peke yake, na mkazi wa Walukuba, kwa ujuzi wake wote, hawezi kukithibitisha peke yake.

Ili tuone kwa nini kumbukumbu ndefu namna hiyo ni muhimu, tumwangalie mtoto mmoja wa London. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, baada ya kulazwa mara nyingi kwa pumu kali. Aliishi Lewisham, karibu na barabara kubwa yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, mwalimu, hakuridhika na jibu alilopewa mwanzo. Miaka mitano baadaye mtaalamu wa pumu, Profesa Stephen Holgate, alichukua tarehe za kulazwa kwa Ella akaziweka kando ya vipimo vya kituo cha hewa kilichokuwa takriban maili moja kutoka nyumbani kwao. Desemba 2020 msimamizi wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo kile, na kwa mara ya kwanza nchini Uingereza uchafuzi wa hewa ukaandikwa katika cheti cha kifo cha mtu. Mambo mawili yaliwezesha uamuzi huo: hospitali ilitunza kumbukumbu, na kituo cha hewa kilikuwa kimepima siku zilezile, miaka ile, bila mtu kujua kwamba namba hizo zingehitajika siku moja na mama mmoja. Jinja ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na ina wodi za watoto wanaoletwa usiku wakihema. Tarehe zao zipo kwenye vitabu vya wodi. Namba za hewa za tarehe hizohizo zikiwepo na zikiaminika, siku moja kuna mama wa Mpumudde atakayezihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu. Ushahidi wa hewa ukishapatikana, utatumika dhidi ya nani? Uzoefu wa miji yetu unaonyesha kwamba aliye dhaifu hufikiwa kwanza. Ni rahisi kwa askari wa jiji kumwaga sigiri ya mama anayekaanga mihogo kandokando ya barabara kuliko kwa ofisa kuingia ndani ya geti la kiwanda. Namba zikionyesha kwamba moshi wa jikoni ni sehemu kubwa ya tatizo, na zitaonyesha hivyo, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya kaya za Uganda hupika kwa kuni au mkaa, kuna hatari kubwa wakosefu wawe wanawake.

Lakini hebu tuangalie umeme wenyewe. Mtu wa Jinja yuko jirani na mabwawa ya Nalubaale na Kiira. Bujagali, iliyoanza kuzalisha megawati 250 mwaka 2012, iko kilomita chache tu chini ya mto. Nyaya zinampita juu ya paa. Mwaka 2022 mamlaka ya umeme iliweka bei maalumu ya kupikia: shilingi 412 kwa kila yuniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 katika mwezi. Nia ilikuwa njema. Ila ili uifikie yuniti ya 81 lazima kwanza ununue 80, na nyingi kati ya hizo ni za bei ya kawaida, iliyokuwa karibu maradufu ya hiyo ya kupikia. Kaya inayonunua umeme wa elfu mbili leo na elfu moja keshokutwa haifiki huko kamwe, na inaendelea kununua mkaa wa kopo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wananchi wa Walukuba waelimishwe kuhusu madhara ya moshi, namwambia awaulize kwanza kuhusu yuniti 80. Wananchi wakishiriki kutunga swali, swali lenyewe hubadilika: kutoka “kwa nini mnapika kwa mkaa?” na kuwa “bei ya umeme ingekuwaje ili sigiri ibaki ya kuchomea nyama ya sikukuu?”

Taka nazo ni hivyohivyo. Jinja na Mbale zote zilikuwa katika mpango wa mamlaka ya mazingira, NEMA, wa kugeuza taka za miji kuwa mboji, uliosajiliwa mwaka 2010 chini ya utaratibu wa kimataifa wa kupunguza gesijoto. Taka nyingi za miji yetu ni maganda ya matoke, majani na mabaki ya chakula. Zinaoza vizuri zikifikishwa kwenye mboji, na zinatoa moshi mzito zikichomwa mbichi uani pamoja na mifuko ya plastiki. Tatizo liko katika zile kilomita kati ya ua wa mtu na kiwanda cha mboji, ambazo gari la taka halizipiti kila wiki. Daftari likionyesha kwamba moshi wa Jumamosi unafuata wiki ambayo gari halikuja, hapo jiji lina jambo la kujibu, na mkazi aliyechoma ana la kujitetea.

Kuhusu viwanda, tuwe wakweli juu ya kile ambacho kipima cha mtaani kinaweza. Hakiwezi kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba bomba fulani limevuka kiwango. Hilo linahitaji mkaguzi apime ndani ya bomba lenyewe. Kinachoweza ni kusema mkaguzi aje lini. Namba zinazopanda kila usiku wa manane, upepo ukitoka upande uleule, na kushuka siku ambazo kiwanda kimefungwa, ni sababu tosha ya kumtaka ofisa asije saa nne asubuhi akiwa amepiga simu jana yake. Tangu mwaka 2024 Uganda ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Kabla ya hapo mkazi angelalamika, na jibu lingekuwa kwamba hakuna kiwango kilichovunjwa kwa kuwa hakikuwepo. Sasa kipo.

Mbale inanipa wasiwasi wa aina nyingine, nao ni wa haraka. Jiji limekaa chini ya ukuta wa mwamba wa Wanale, begani mwa Mlima Elgon. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani na kutulia mahali pa chini, na penye hewa iliyotulia moshi hukaa. Tangu 2018 eneo la viwanda la Sino-Uganda limekuwa likikua pale, na ajira zake zinahitajika mno. Huu ndio wakati wa kupima, mapema, ili miaka kumi ijayo pawepo namba za kulinganisha. Jinja ilichelewa: simjui aliyepima hewa ya tanuri la shaba, na wafanyakazi wa wakati ule wengi wamekwisha kufa na vifua vyao.

Limebaki suala la nani analipa. Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake duniani kote, pamoja na vile vya ubalozi wa Kampala, ambavyo tangu 2017 vilikuwa miongoni mwa rejea muhimu za nchi. Uamuzi ulifanyika Washington, na watu wa Kampala waliamka wakakuta namba hazipo. Fedha za wafadhili wa vipima vidogo nazo zina tarehe ya mwisho. Kisanduku kimoja kinahitaji laini ya simu yenye bando, feni ya kubadilishwa inaposhika vumbi, na nauli ya fundi. Si fedha nyingi kwa jiji, lakini hazijitoi zenyewe. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza tarehe 1 Julai, na mabaraza hufanya mikutano ya bajeti Oktoba na Novemba, mikutano ambayo mwananchi ana haki ya kuingia na kusema. Wenyeji wa vipima vya Jinja, walimu, viongozi wa mabaraza ya mitaa (LC) na madereva wa boda wanaweza kwenda huko pamoja na madaftari yao na kudai mstari mmoja katika idara ya mazingira ya jiji: matengenezo ya vipima hewa, Jinja Kaskazini na Jinja Kusini, na jina la ofisa atakayeulizwa vikizimika.